Jini wangu anaweza kila kitu, na watoto wameacha kucheka. Nifanyeje?

fundi_wa_buru

Wapenzi wa vitabu, hamjambo. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko hatua chache kutoka steji ya matatu namba 58 hapa Buruburu. Nyumbani niko na binti yangu wa miaka 10 na mpwa wangu wa kiume wa miaka 12, mtoto wa dada yangu. Nimekwama na hadithi, na hao wawili wanaidai kila jioni.

Ilianza wakati wa mvua za masika, stima zilipopotea mtaani usiku tatu mfululizo. Simu zilikuwa zimeisha chaji. Nikabandika mshumaa kwenye kifuniko cha bati, nikauweka juu ya cherehani, nikaanza kuwasimulia jambo ambalo hata mimi sikujua linakoelekea. Usiku wa tatu stima zilirudi tukiwa katikati, na binti yangu akainuka akazima taa. Hapo ndipo nilipojua nina kitu mkononi. Kesho yake nikanunua kaunta buku, nikaanza kuiandika.

Hadithi yenyewe ni hii. Kuna msichana anaitwa Tatu, anaishi na nyanyake ambaye ni fundi kama mimi. Ndani ya kile kikopo cha mafuta ya cherehani, chenye mdomo mrefu, ambacho ukikibonyeza chini kinalia "tki, tki", mnaishi jini jina lake Kijoyo. Ana kimo cha mkasi uliosimamishwa. Hapiti mandazi bila kusimama, na honi ya matatu humfanya ajifiche ndani ya mfuko wa aproni. Basi asubuhi moja wauzaji wa Gikomba wanafungua marobota ya viatu na kukuta vya kulia vitupu. Vya kushoto vyote vimetoweka, na si vya sokoni tu, hata vile vilivyolala chini ya vitanda vya watu. Mji mzima unaamka ukirukaruka. Makanga anaruka akining'inia mlangoni, askari wa trafiki anaruka katikati ya mzunguko wa magari, bwana harusi anaingia kanisani akiruka huku kamshika bibi harusi bega.

Tatu na Kijoyo wanafuata alama za nyayo hadi chini ya daraja kwenye Mto Nairobi, na huko wanalikuta zimwi lenye miguu kumi, yote ya kushoto. Lilikuwa limelala kwenye kinamasi cha hapa tangu kabla reli haijafika mwaka 1899. Mnajua jina la mji wetu limetoka kwa Wamaasai, nao waliyaita maji ya hapa maji baridi. Zimwi hili limekaa na miguu kumi ndani ya maji hayo miaka yote hiyo. Linaumwa na baridi, basi.

Sura nne za kwanza walicheka hadi jirani akagonga ukuta. Sura ya tano ikaharibika. Tatu alibanwa kwenye kona na walinzi wa soko, Kijoyo akapiga vidole, walinzi wote wakajikuta wamelala. Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, kama Kijoyo anaweza hivyo, si angerudisha viatu vyote tangu asubuhi?" Sikuwa na jibu. Binti yangu hakusema neno, alianza kuchezea uzi uliokuwa sakafuni, na mtoto akianza kuchezea uzi hadithi imekwisha.

Nimpunguzie Kijoyo nguvu? Nikimpunguzia, si nitakuwa nimemwondolea kilichowafurahisha?

La pili ni lugha. Nikisimulia kwa mdomo inatiririka. Nikiandika na kuwasomea, binti yangu anasema, "Baba, umeanza kuongea kama karatasi ya mtihani." La tatu, nitajieni vitabu nijifunze, visiwe vya bei kubwa.

Na kuna jambo linaniuma. Rafiki yangu alizipiga chapa sura nne akanipeleka kwa mhariri mmoja. Mhariri alizisoma, akasema ni nzuri, ila mwishoni zimwi liadhibiwe vikali ili watoto wajifunze kwamba wizi ni vibaya. Nimelala na neno hilo wiki mbili. Zimwi langu lina baridi. Siwezi kuliadhibu kwa kuwa na baridi.

mwalimu_wa_gredi_ya_sita

Fundi, hongera sana. Kwanza usimpunguzie Kijoyo nguvu hata chembe. Mpe sharti.

Huyo mpwa wako amekufanyia kazi ambayo wahariri hulipwa kuifanya. Ameona kwamba uchawi wako hauna bei. Kitu kisicho na bei hakina safari, kwa sababu hakuna anayelazimika kutoka nyumbani kukitafuta. Chukua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952. Wanafunzi wengi huogopa jina la mwandishi kwa sababu wamelikuta kwenye mitihani, lakini kitabu kimejaa majini na safari za baharini. Adili anawachapa manyani wawili kila usiku, na yeye mwenyewe haifurahii kazi hiyo. Anawachapa kwa sababu jini amemwekea sharti hilo, na akiacha ataadhibiwa yeye. Jini yule ana nguvu kubwa, lakini msomaji hana wasiwasi na nguvu zake. Anachowaza ni lile sharti, na hilo ndilo linalomfanya afungue ukurasa unaofuata.

Kwa Kijoyo sharti liko tayari ndani ya hadithi yako. Amri moja, mandazi moja, na analipwa kwanza. Tatu aondoke nyumbani na mandazi saba kwenye mfuko wa karatasi. Zisizidi. Nakuhakikishia mpwa wako atakuwa anazihesabu, na ikifika ya sita atakuwa amekaa ukingoni mwa kiti.

Darasani kwangu wako 46. Ijumaa kipindi cha mwisho nawasomea kwa sauti, dakika kumi na tano, bila maswali baadaye. Nimewatazama miaka kadhaa sasa. Uchawi wenyewe hawaushangai sana, wameona mengi kwenye skrini. Wanatulia pale uchawi unapokwenda kombo na mtoto wa hadithi analazimika kufikiri. Kwa hivyo pale penye hatari kubwa kabisa, Kijoyo asaidie kidogo au asaidie vibaya, na mlango ufunguliwe na Tatu mwenyewe.

Lugha: msimulizi aongee Kiswahili sanifu kilicho chepesi, sentensi unazoweza kuzisema kwa pumzi moja. Makanga aongee kama makanga. Nyanya aongee kama nyanya. Ukimfanya makanga wa 58 aseme "abiria watukufu, tafadhalini ingieni" watoto wanajua papo hapo kwamba hujawahi kupanda gari lake.

Kuhusu mhariri, sikubaliani naye, na nasema hivyo nikiwa mwalimu. Mtoto aliyelihurumia zimwi lenye baridi ameshapata kitu. Usimbandikie kingine juu.

muuza_vitabu_wa_njiani

Salamu kwako fundi. Mimi nauza vitabu vya mitumba mjini, natandika turubai kila siku isipokuwa Jumapili. Nitakuambia ninachokiona kwa macho.

Mtoto wa umri wa wako akiachiwa achague mwenyewe, anatazama picha ya jalada, anasoma mistari mitatu ya mwanzo, halafu anafungua mwisho. Mwisho! Nilidhani wanataka kujua hadithi inaishaje. Siku moja nikamuuliza mmoja, akaniambia anaangalia kama kuna maswali. Kikiwa na maswali anakirudisha chini, hata kama mama yake yuko tayari kukilipia. Kwa hivyo kaunta buku yako ikija kuwa kitabu, kataa maswali ya mwisho. Kataa kabisa.

Vitabu sasa. Anza na hekaya za Abunuwasi, ni rahisi kuzipata na bei yake ni ya chini. Ile ya sufuria unaikumbuka: aliazima sufuria, akairudisha na nyingine ndogo, akasema imezaa, mwenyewe akafurahi akapokea. Alipoazima tena akasema imekufa. Soma uone jinsi kichekesho kinavyosimama juu ya kukubali: yule jirani aliyekubali kwamba sufuria huzaa amejifunga mwenyewe. Kijoyo wako anahitaji akili ya namna hiyo. Nguvu za vidole anazo tayari.

Kama mnasoma Kiingereza nyumbani, tafuta vile vya Moses vya Barbara Kimenye, vilivyoanza kutoka miaka ya 1960. Havina jini hata mmoja, ni wavulana wa bweni tu, lakini mipango yao inaharibika kwa mpangilio mzuri sana, kila suluhisho likizaa tatizo jipya. Wazazi wanaovinunua kwangu huanza kuvisoma wamesimama, na mimi nawaacha.

Roald Dahl naye sikosi wateja wake. Mimi huwaambia watoto kwamba kabla Dahl hajawa mwandishi alikuwa akifanyia kazi kampuni ya mafuta Dar es Salaam, na mwaka 1939 akaendesha gari hadi hapa Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza, na hapa hapa ndipo alipofundishwa kurusha ndege. Wengine huinua macho juu nikiwaambia.

Na kuna kimoja ambacho nakipenda kuliko vyote. Mwaka 1940 mwanamke Mwingereza, Conan Davies, alitafsiri kile kisa cha Alice wa Lewis Carroll kikaitwa Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na michoro ikachorwa upya ili Elisi awe msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akakitafsiri upya, akakiita Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Nimewaza sana kazi ya hao wawili. Kwenye Kiingereza kuna panya anayesema ana hadithi ndefu, na Alice anadhani anazungumzia mkia, kwa sababu maneno yale mawili yanasikika sawa. Kwa Kiswahili mkia ni mkia na hadithi ni hadithi, havifanani hata kidogo. Kichekesho kinafia mlangoni. Unalazimika kutafuta chako.

Usipotaka kununua, nenda maktaba ya McMillan pale mtaa wa Banda, karibu na msikiti wa Jamia. Ilifunguliwa 1931. Ina matawi Kaloleni na Makadara, kwako Makadara ni jirani. Lakini wapeleke watoto ile ya mjini angalau mara moja, kwa sababu mlangoni kuna simba wawili wa mawe. Jengo lenye simba wa mawe mlangoni linangoja kuingizwa kwenye hadithi yako.

mpwani_wa_pangani

Paukwa!

(Mjibu pakawa hapo mlipo, hata kama mko ndani ya gari.)

Fundi mwanangu, mimi ni mtu wa Lamu, nimekaa Nairobi hii, hapa Pangani, miaka thelathini na moja. Nimesoma maneno ya mwalimu na ya muuza vitabu, nimeyapenda yote mawili, lakini mwalimu aniwie radhi, mandazi peke yake hazitoshi. Bei ya mandazi itamfanya mtoto ahesabu. Wewe wataka acheke. Na sharti la Adili ni sharti la kuliza, mtu hucheka vipi na viboko?

Huyo muuza vitabu amesema tafuta chako, kisha akaondoka bila kukuonyesha kilipo. Kiko mdomoni mwako. Kijoyo na afahamu kila neno, ila kila neno lenye maana mbili alishike kwa ile ambayo hukuikusudia. Jini ana miaka elfu ndani ya kikopo, atajuaje mtu wa leo akusudia nini?

Tatu asema "Linda nyanya!" Yeye amwazia bibi yake aliyebaki peke yake nyumbani. Kijoyo apaa hadi Marikiti, asimama juu ya kreti la nyanya usiku kucha na upanga mkononi. Tatu asema "Nivushe mto!" Kijoyo atandika mto wa kulalia chini, ambeba Tatu kwa adabu, amvusha upande wa pili wa ule mto, kisha ainama kama mtumishi wa sultani. Na mto wenyewe wa maji uko pale pale wawangoja. Tatu asema "Leta mbuzi" na aletewa mbuzi ya kukunia nazi. Watoto wa Nairobi huenda hawaijui, basi ndiyo siku ya kuijua.

Na sasa sikiliza vizuri, mwanangu, hapa ndipo penye utamu. Tatu ataokokaje? Kwa ulimi wake. Angesema "Mlinde nyanya", Kijoyo angejua ni mtu. Angesema "Zilinde nyanya", ni za kupikia. "Mlete mbuzi" ni mwenye ndevu, "Ilete mbuzi" ni ya nazi. Silabi moja tu mwanzoni, na jini hana pa kutorokea. Mwanzoni Tatu aamrisha ovyo kwa haraka, na kila amri inamla mandazi na kumtia matatani. Kadiri mandazi zinavyopungua ndivyo anavyoanza kuchagua maneno. Hapo jini na mandazi na safari vimekuwa kitu kimoja.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na hadithi ya msichana na zimwi ambayo hakuimaliza usiku mmoja. Kila ilipofika pa kutisha alinyamaza, akanipa sindano na uzi nimtungie, kwa sababu macho yake yalikuwa yamepungua. Nilitunga ile sindano mbio kuliko mtu yeyote Lamu. Mpaka leo nikishika sindano moyo wanienda mbio. Wewe ni fundi, mshumaa wako ulikuwa juu ya cherehani, na jini wako yuko ndani ya kikopo cha mafuta. Nilipoyasoma hayo nilifuta macho.

Neno la mwisho kwa leo. Zimwi liimbe. Hadithi za kwetu haziendi bila wimbo, na wimbo ndio watoto watakaobaki nao njiani kwenda shule. Ukikwama niambie.

mwalimu_wa_gredi_ya_sita

Shangazi, nimesimama kukupigia makofi. Nimefundisha ngeli miaka tisa na sijawahi kuwaza kwamba mtoto anaweza kuokolewa na kiambishi.

Fundi, tahadhari moja tu. Usitumie zaidi ya neno moja la namna hiyo katika kila sura, na usilieleze. Ukishaandika "kwa maana neno nyanya lina maana mbili" umeua. Mwache Kijoyo asimame juu ya lile kreti na upanga wake, mtoto atafika mwenyewe.

fundi_wa_buru

Nimerudi baada ya wiki tatu. Samahani kwa kimya, ilikuwa msimu wa sare za shule na nilikuwa nashona hadi saa sita za usiku.

Niliichana sura ya tano yote. Niliirudia kutoka mahali Tatu anapoondoka nyumbani na mfuko wa mandazi saba, kama mwalimu alivyosema. Nikaisoma Jumamosi jioni kibandani baada ya kufunga kazi. Nilidhani nitawasomea wawili, wakaja sita, wengine wameketi kwenye benchi la wateja na wawili juu ya gunia la vipande.

Pale Tatu anaposema "Linda nyanya!" walitulia, wakingoja. Nikageuza ukurasa, nikawapeleka Marikiti saa kumi za alfajiri, lori za mboga zinashusha mizigo, na juu ya kreti kuna jini wa kimo cha mkasi anamkaripia mama mmoja aliyekuja kununua za shilingi hamsini: "Rudi nyuma! Hizi ziko chini ya ulinzi wangu!" Ilichukua kama pumzi mbili. Mtoto wa jirani, mdogo kuliko wote, ndiye aliyeanza. "Nyanya! Nyanya!" akawa anarudia, halafu wote wakapasuka. Mpwa wangu alianguka kutoka kwenye gunia. Nami niliacha kusoma kwa sababu sauti yangu haikusikika.

Ya mto nimeiweka sura ya sita, nayo ikaenda vizuri vilevile. Ya mbuzi nimeihifadhi, mwalimu kanionya. Simba wawili wa mawe wamo. Wanalinda kitabu ambacho ndani yake mmeandikwa mahali zimwi linapolala, na Kijoyo anawaogopa hadi anarudi ndani ya kikopo na kukataa kutoka hata kwa mandazi. Kwa hivyo pale Tatu yuko peke yake kabisa. Anaingia kwa kuwasalimia tu. Hakuna mtu aliyewahi kuwasalimia tangu 1931, wote hupita wakisoma simu zao. Nilipoandika hivyo nilihisi ni kweli. Jana tulikwenda McMillan, binti yangu akawasalimia wote wawili, wa kushoto na wa kulia, kwa sauti.

Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo ndilo hasa limenileta hapa usiku huu.

Tulipokuwa tunarudi, tumeketi nyuma ya matatu, nilikuwa nawasimulia sura ya saba kabla sijaiandika. Tatu amefika chini ya daraja, analitazama zimwi likitetemeka katikati ya lundo la viatu, na anashangaa kwa nini halilii. Binti yangu akanikatiza. "Baba," akasema, "litalia vipi na miguu yote ni ya kushoto? Halina hata mmoja wa kulia."

Mpwa wangu alicheka hadi makanga akageuka. Mimi pia nilicheka. Halafu binti yangu, ambaye ndiye aliyelisema, hakucheka. Alitazama nje dirishani, tulikuwa tunapita Jogoo Road, akasema polepole, "Ndiyo maana linaiba. Linataka kulia na haliwezi."

Nimeshona miaka kumi na minane. Najua hisia ya kukata kitambaa ukakuta kimeangukia mwili wa mtu sawasawa bila kupimwa mara ya pili. Lakini safari hii aliyekata ni mtoto wa miaka kumi. Muuza vitabu, ulisema kichekesho cha Kiingereza kinafia mlangoni. Hiki cha binti yangu sidhani kinaweza kuvuka kwenda upande wa pili pia, na wala sitaki kivuke.

Mwisho wa hadithi nimeupata kwenye kazi yangu. Zimwi halitaadhibiwa. Viatu vitarudi Gikomba vyote, na nyanya yake Tatu atashuka chini ya daraja na futi ya kupimia shingoni. Ataliambia zimwi jambo ambalo kila fundi analijua: kiatu kina kushoto na kulia, soksi haina. Atalishonea soksi kumi kwa vipande vilivyobaki kwenye gunia, kila moja rangi yake. Kwa mandazi ya saba, ile iliyobaki, Tatu atampa Kijoyo amri moja tu, na atakuwa amejifunza kuchagua neno. Nimeshaliandika na kulifuta mara nne. Nikilipata nitawaambia.

Ila shangazi wa Pangani, nimekwama pale nyanya anapopima miguu. Ni miguu kumi, kupima kunachukua muda, na hapo panakuwa kimya. Nadhani ndipo zimwi linapoimba. Nimejaribu, mimi si mtu wa mashairi. Ulisema nikikwama nikwambie.

mpwani_wa_pangani

Niko macho, mwanangu. Nimesoma habari ya binti yako mara tatu, na mara ya tatu nikamsomea mume wangu.

Hebu jaribu huu. Nimeupimia mizani minane ili waweze kuupigia makofi, na neno lake nimelitia ndani kwa sababu ni haki yake. Mstari wa mwisho wauimbe watoto wote, na nyanya asiinue kichwa, aendelee kupima.

Mwenzenu niko shimoni,
nyayo kumi baridini,
wa kulia siuoni,
nivisheni, nivisheni!

Ukimaliza kuwasomea, niandikie waliimba kwa sauti gani.